Puto la Jumatano

Siku ya sita baada ya Baba Jumatano kufa, Inspekta alirudi kwenye kituo cha kupimia anga, jalada kwapani, saa mbili na robo asubuhi. Mwendesha mashtaka alishatoa neno: saa kumi jioni jalada liwe mezani kwake, kesho Mlinzi wa kituo hicho apandishwe kizimbani kwa kosa la kuua.

"Afande, hii kesi imejipika yenyewe," alisema Koplo akifunga mlango wa gari. "Sisi tumebaki kupakua."

"Basi nionjeshe kabla hujapakua," alisema Inspekta. "Anza mwanzo."

Koplo alianza, akihesabu kwa vidole. Baba Jumatano, fundi wa kurusha maputo, mtu wa miaka hamsini na tisa, alikutwa amekufa kwenye banda la kujazia gesi Jumatano iliyopita saa kumi jioni, kisogo kimepasuka. Aliyemkuta ni Mlinzi. Viatu vya Mlinzi vilikuwa na damu. Simu ya marehemu ilikuwa mfukoni mwa Mlinzi. Wiki mbili nyuma, marehemu alimshtaki Mlinzi kwa meneja kwa kuvuta sigara karibu na mitungi, wakatoleana maneno mpaka wakashikana mashati. Kitabu cha kituo kinaonyesha marehemu alirusha puto saa nane na dakika thelathini na mbili mchana. Mpimaji msaidizi, yule mwanamke kijana, alishaaga tangu saa saba kumpeleka mtoto kliniki. Meneja alikuwa mkutanoni mjini. Na Mlinzi, kwa kinywa chake mwenyewe, ameapa kwamba alikuwa getini macho makavu tangu saa sita hadi saa kumi, geti la nyuma nalo analiona, na hakuingia hata paka.

"Kwa hiyo saa nane na nusu mzee yu hai, saa kumi amekufa, na ndani ya uzio wako wawili tu. Mmoja ndiye maiti. Amebaki nani?"

"Vidole vimeisha?"

"Vimeisha, Afande."

"Haya. Twende bandani."

Meneja aliwapokea mlangoni, mwanamume mwembamba mwenye tai fupi na macho mekundu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi hiyo kila sentensi ilimtoka nusu, nyingine akaimeza.

Banda lilikuwa refu kwenda juu kama lililojengwa kwa ajili ya twiga. Upande mmoja ilisimama mitungi mitano ya gesi, imefungwa minyororo ukutani. Katikati palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi, ili puto lisichubuke likilazwa. Sakafu ya saruji ilishapigwa deki, ila chini ya mtungi wa tatu palibaki kivuli cha rangi ya kahawia ambacho sabuni haikukiweza.

"Kwa nini Baba Jumatano?" Inspekta aliuliza. "Alizaliwa Jumatano?"

"Hapana, Afande. Ni kazi." Meneja aliweka mkono juu ya blanketi. "Siku nyingine tunarusha puto dogo: joto, unyevu, upepo, basi. Jumatano ni puto kubwa. Linabeba kisanduku cha kupima ozoni, linapanda kilomita thelathini na zaidi, kule ambako mbingu ni nyeusi mchana kweupe. Likifika huko limevimba ukubwa wa nyumba. Linapasuka, kisanduku kinashuka na parachuti. Ndani ya saa mbili unakuwa umeisoma hewa yote kutoka hapa chini mpaka huko."

"Na mkikosa Jumatano moja?"

"Kwenye mlolongo panabaki tundu. Ukitaka kujua anga inaumwa au inapona, unahitaji miaka mingi isiyo na tundu." Alitazama mitungi. "Yeye alirusha Jumatano elfu moja mia moja na kumi na nne. Alirusha ana homa. Siku aliyomzika mkewe, alizika saa tano, saa nane yuko hapa amevaa lile lile koti la msiba. Nikamwambia, mzee, rudi nyumbani. Akanijibu, nyumbani kuna nani?"

Koplo alikohoa. Inspekta aliuliza, "Puto hilo linarushwa na watu wangapi?"

"Wawili. Mmoja ashike puto, mwingine ashike kisanduku. Kukiwa shwari, fundi mzoefu anaweza peke yake."

"Jumatano iliyopita kulikuwa shwari?"

Meneja alikwenda kwenye daftari lililoning'inia ukutani, akafunua. "Hapana. Upepo ulikuwepo. Ule wa kupiga kelele na bati lililolegea."

"Nionyeshe alivyofanya."

Meneja akatoa uzi. Ulikuwa mweupe, mwembamba, wa mita thelathini, ili kisanduku kiwe mbali na puto lisikichafulie vipimo. Vituo vingine, alieleza, vina kigurudumu cha kuachia uzi taratibu. Chao kiliharibika, wakawa wanaachia kwa mikono. Koplo akapewa ncha moja, Inspekta akaikamata ya pili, akakimbia nayo hatua tano.

"Alaa!" Koplo aliachia, akatazama kiganja chake. Mstari mwekundu ulishapita katikati.

"Na huyo ni mimi tu, sijajazwa gesi," alisema Inspekta.

Meneja alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza.

Inspekta alifungua jalada kwenye ripoti ya daktari wa maiti. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma orodha ya sokoni. Kisogo, pasuko la sentimita nne. Uwezekano wa kuanguka au kupigwa, vyote vinawezekana. Alikaa hai kwa muda baada ya jeraha, pengine robo saa, pengine zaidi. Viganja vyote viwili safi, vina unga mweupe wa puto, hakuna mchubuko.

"Alikuwa na glavu," Koplo aliwahi.

"Ziko wapi?"

Meneja alinyoosha kidole. Glavu zilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango, moja imeshonwa kwa mwenziwe kwa uzi wa dukani. Hazikuwahi kuvaliwa na mtu.

"Alisema akivaa glavu halisikii puto," alisema Meneja taratibu.

"Ana viganja vigumu, basi," Koplo alisema. "Miaka yote hiyo."

"Labda," alisema Inspekta. "Twendeni ofisini."

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye kiyoyozi kinachounguruma. Mkono wa kushoto, meza yenye simu ya mezani na kitabu cha kituo. Mkono wa kulia, meza ya kutayarishia visanduku, imejaa vichupa na mirija. Mbele, mtambo wa kupokea, na kompyuta yake.

Saini ya Jumatano ilikuwa herufi mbili tu, za jina la marehemu, kama Jumatano zote. Hapo hapakuwa na la kushika. Inspekta akaomba karatasi ya vipimo. Meneja akaichapa. Inspekta aliipitia safu kwa safu: saa, urefu kutoka ardhini, joto la nje, ozoni, joto la ndani ya kisanduku. Akairudia juu.

"Mbona inaanzia mbili? Mstari wa kwanza uko wapi?"

"Tunaufuta kabla ya kutuma. Ule wa ardhini, puto likiwa ndiyo kwanza linaondoka. Mara nyingi unakuja na makosa, unawachanganya wenzetu."

"Mara nyingi, au kila mara?"

Meneja alifikiri. "Kwa vijana, kila mara. Kwa yeye..." Alitazama mtambo. "Wake ulikuwa mzuri siku zote. Nilikuwa naufuta kwa mazoea tu."

"Mtambo bado unao?"

"Mtambo hausahau kitu."

Alibonyeza hapa na pale. Inspekta akataka Jumatano tano za mwisho, mstari wa kwanza tu, na safu ya joto la ndani ya kisanduku tu. Karatasi ilitoka ikiwa na namba tano. Thelathini. Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja. Ishirini na mbili.

"Jumatano iliyopita kulikuwa na baridi?"

"Kulikuwa na jua la kutoboa kichwa."

"Koplo, hebu soma hapo kwenye kiyoyozi."

Koplo aliinuka kwa vidole vya miguu. "Ishirini na mbili, Afande."

Meneja alikaa chini, ingawa hakuna aliyemwambia akae.

"Kigoda," alisema. "Alikuwa na kigoda, pale kivulini nje ya banda. Kisanduku kikitoka humu ndani alikuwa anakiweka juu ya kigoda robo saa nzima. Kizoee. Ukikirusha kikiwa na baridi ya humu, pampu yake inadanganya mpaka kilomita ya pili. Tulikuwa tunamcheka, mzee unakianika kisanduku kama godoro la mtoto. Hakuna aliyemuiga." Alishika karatasi kwa vidole viwili. "Asingekirusha hivi. Hata nyumba ingekuwa inaungua."

"Kwa hiyo saa nane na dakika thelathini na mbili, kisanduku kilitoka mezani hapo kikaenda moja kwa moja angani," alisema Inspekta. "Mikononi mwa mtu mwingine. Wanaojua kulifunga puto hilo na kulirusha ni wangapi?"

"Watatu. Yeye. Mimi." Hakumtaja wa tatu. "Na mimi nilikuwa mkutanoni, watu arobaini waliniona."

"Tumeshawauliza."

"Nimeufuta mwenyewe, Afande. Ule mstari. Alhamisi asubuhi, huku nalia, nikaufuta na kutuma."

Nje, Koplo alisubiri mpaka wako garini. "Lakini Mlinzi ameapa hakuingia mtu."

"Ndiyo maana tunakwenda kumsikia akiapa tena."

Kwenye kituo cha polisi, binti wa Baba Jumatano alikuwa amekaa nje ya ofisi ya Inspekta, kama alivyokaa kila siku tangu mazishi. Alikuwa mwalimu, alikuja na madaftari ya wanafunzi akayasahihisha magotini.

"Ni kesho, Afande?"

"Jalada halijatoka, mama. Nipe mpaka saa kumi."

"Kuna nini tena cha kutafuta? Amekutwa na simu ya baba mfukoni." Alifunika kalamu yake nyekundu. "Nilipita kwao jana. Nilisimama pale nje nikamwambia mke wake kwamba mume wake ni muuaji. Majirani wote wakasikia. Nilitaka wasikie."

"Umekula leo?"

"Usiniulize nimekula, Afande. Niambie ni kesho."

Inspekta alimgusa bega, akaingia ndani.

Mlinzi aliletwa akiburuza viatu visivyo na kamba. Alikuwa kijana mpana wa mabega, mpole wa sauti, amevimba macho.

"Rudia," alisema Inspekta. "Saa sita hadi saa kumi."

"Nilikuwa getini. Hakuingia mtu. Saa kumi nikaona mzee hajatoka, nikaenda kumwangalia. Nikamkuta chini. Nikatoa simu yake nimpigie binti yake, ikataka namba za siri. Nikakimbilia barabarani nayo. Nimeshasema, Afande."

"Puto lilirushwa saa ngapi?"

"Saa nane na nusu."

"Uliliona?"

"Niliona."

"Lilikwenda upande gani?"

Mlinzi alikuna shingo.

"Puto kubwa kuliko gari," alisema Inspekta. "Na upepo wa kung'oa bati. Lilikwenda upande gani?"

"Upande wa... wa mjini."

"Mtambo unasema lilikwenda upande wa mlima. Lilipita juu ya kibanda chako."

Mlinzi aliinamisha kichwa. Masikio yake yalibadilika rangi.

"Kaka," Inspekta alisema, "mtu mwingine alikuwemo mle ndani. Najua. Wewe ndiye unayenizuia kumfikia. Kila unapoapa kwamba ulikuwa macho, unajifunga kamba mwenyewe na kunipa ncha niivute."

Koplo aliacha kuandika.

"Mke wangu amejifungua mapacha," alisema Mlinzi. "Wiki ya nne hii. Huyu akilala, yule anaamka, kama wamepangiana zamu. Usiku sifumbi jicho. Siku ile nilikula, nikaegemea ukuta. Nilisema dakika mbili. Nikaja kuamka jua limehama."

"Ulilala kuanzia saa ngapi?"

"Saa saba na nusu hivi. Mpaka saa kumi kasoro."

"Na ukaona heri ufungwe maisha kuliko kusema ulisinzia?"

"Meneja alishanipa barua mbili, Afande. Ya tatu ni kufukuzwa." Alijifuta pua kwa bega. "Nilijua sikuua. Nikaona hilo litajulikana lenyewe, kwa sababu ni kweli. Lakini na usingizi ni kweli. Nikiusema, kazi imekwenda, na wale wadogo nawalisha nini?"

Koplo alitikisa kichwa. "Wewe bwana, ungeajiriwa kulinda usingizi, ungepewa nishani."

Mlinzi alicheka, kicheko kilichogeuka njiani kikawa kitu kingine.

Mpimaji msaidizi alikaa vyumba viwili nyuma ya karakana ya seremala, na mama yake na mtoto. Walimkuta anaanika nepi. Alipoona sare ya Koplo, hakuacha kuanika. Alimaliza beseni lote, pini moja moja, kisha akawakaribisha ndani.

Mtoto, msichana wa miezi kumi na mmoja hivi, alikuwa sakafuni anagonga kifuniko cha sufuria. Mpimaji alimwinua bila kumgusa kwa viganja, akimkumbatia kwa viwiko, kama mtu aliyebeba kuni zenye miiba.

"Kliniki walisemaje?" Inspekta aliuliza.

"Uzito mzuri. Ameongeza."

"Foleni ilikuwa ndefu?"

"Ya kawaida."

"Tumempigia muuguzi, anasema ulikuwa wa tatu. Saa saba na dakika arobaini ulishamaliza, ukamrudisha mtoto kwa bibi yake."

Bibi wa mtoto, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, alisimamisha mkono juu ya ungo.

"Nipe nimshike kidogo," alisema Inspekta akinyoosha mikono. "Koplo, ule uso wako utamliza, geuka."

Mtoto alihama. Mikono ya mama yake ikabaki hewani, mitupu, na hapakuwa na pa kuificha. Katikati ya kila kiganja kulikuwa na mstari mnene wa kidonda kinachoanza kukauka.

"Ni kamba ya kuanikia," alisema Mpimaji.

"Mdogo wangu," alisema Inspekta, "kisanduku kiliondoka kina nyuzi ishirini na mbili."

Alikuwa mtu wa kazi ile, hakuhitaji kuelezwa. Alivyoisikia namba, alikaa juu ya beseni lililopinduliwa, akajishika mdomo kwa vile viganja.

"Kigoda," alisema. "Nilisahau kigoda."

"Mama," Inspekta alimgeukia bibi, "tuchukulie mtoto nje."

Walipobaki watatu, Inspekta alimsomea haki zake, pole pole, na Koplo akafungua ukurasa mpya.

"Nilirudi kwa sababu ya upepo," alianza Mpimaji. "Kliniki niliona miti inavyoinama. Nikasema mzee hataliweza peke yake, na hataliacha. Nikapita geti la nyuma, lile la uwanjani, ndiyo njia fupi. Saa nane na kama kumi na nane. Puto limeshajaa, limefungwa mezani, linapigapiga kama linataka kuvunja banda. Yeye amekaa chini, ameegemea mtungi. Shingo yote damu."

"Alikuwa anasema?"

"Anasema vizuri tu! Hapo ndipo..." Alivuta pumzi. "Alisema puto lilimpiga usoni akarudi nyuma, akajigonga kwenye vali ya mtungi. Akasema, usinitolee macho hivyo, kichwa changu kigumu kuliko huu mtungi. Nikamwambia naita watu. Nikatoka mlangoni nikaita Mlinzi. Mara tatu, kwa nguvu zangu zote. Kimya. Nikasema nakwenda kupiga simu ofisini. Akanishika sketi. Akasema, limeshajaa, halingoji. Rusha kwanza. Mimi nipo."

"Ukaenda ofisini."

"Nikakimbia. Nikafungua mlango." Aliinua mikono yote miwili mbele yake, kama bado amesimama pale. "Simu mkono wa kushoto. Kisanduku mkono wa kulia. Wewe umeshaingia mle, Afande, unajua. Ni hatua ile ile."

Koplo alisimamisha kalamu.

"Nilichukua kisanduku."

Nje, mtoto alikuwa anacheka kwa jambo fulani.

"Nilijua ni dakika chache. Nikakifunga, nikalitoa puto, upepo ukalichukua, uzi ukanipita mikononi, sikusikia hata maumivu. Likaenda. Likaenda vizuri sana. Nikapiga kelele, mzee, limekwenda! Nikarudi ndani mbio kumwambia." Alijifuta uso kwa mkono wa nguo. "Alikuwa vile vile, ameegemea. Amegeuza uso mlangoni. Nadhani alikuwa analisikiliza. Kilikuwa hakitoki kitu tena, si pumzi, si neno."

"Saa ngapi?"

"Saa nane na dakika thelathini na tano. Sikupiga simu, Afande. Ningempigia nani? Nilikwenda nikaandika herufi zake kitabuni. Ilikuwa Jumatano yake. Halafu nikaingiwa na woga. Kitabu kinasema nimetoka tangu saa saba, mkataba wangu ni wa muda, na mtu amekufa mimi nikiwa nacheza na puto. Nikatoka nilikopitia."

"Na Mlinzi?"

"Nilidhani watamwachia. Kila asubuhi nilisema leo watamwachia. Hakufanya kitu." Aliinua macho. "Kama ningechukua ya kushoto, angekuwa hai?"

"Daktari hawezi kusema."

"Wewe unaonaje?"

Inspekta alichukua karatasi ya Koplo, akaiweka mbele yake na kalamu juu. "Soma yote. Pasipo sawa, sema. Kisha utie saini. Jina lako wewe."

Saa tisa na dakika hamsini jalada lilikuwa mezani kwa mwendesha mashtaka, likiwa na jina jingine na kosa jingine. Aliyasoma maelezo mara mbili, akavua miwani. Alisema Mpimaji atajibu kwa kuandika uongo na kwa kutotoa taarifa ya kifo. Hayo mengine, alisema, hakuna sheria aliyoijua yenye kifungu chake.

Binti aliambiwa ofisini, mlango umefungwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Dakika kumi na saba," alisema.

"Ndiyo."

"Na yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia arushe."

"Ndiyo, mama."

"Sasa nimkasirikie nani?" Alingoja kama anayetegemea kujibiwa. Kisha alikusanya madaftari yake, yakamponyoka, Inspekta akapiga magoti wakayaokota pamoja. "Kuna nyumba natakiwa kurudi," alisema binti akiwa bado chini. "Majirani wote walisikia. Sasa sijui hata nitasimama wapi niongee wasikie tena." Akaondoka huku amekumbatia madaftari yasiyopangika.

Mlinzi aliletwa kaunta. Koplo alimrudishia mkanda, pochi, na kamba za viatu. Alitia saini kila mahali alipoonyeshwa, haraka haraka, kama mtu anayeogopa wenyewe wasije wakabadili mawazo. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Nje kwenye ngazi alionekana mkewe, pacha mmoja mgongoni, mmoja kifuani, anachungulia ndani huku jua linampiga.

"Wamekua," alisema Mlinzi. "Siku sita tu." Akakaa kwenye benchi kufunga viatu. Alifunga cha kulia. "Kwa hiyo yule dada alimkuta yu hai."

"Yu hai."

"Anaongea."

"Anaongea."

Alishika kamba ya pili. "Afande. Hakuita mtu?"

Maelezo yalikuwa yameshaondoka na jalada. Mahakamani yangesomwa kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya watu wote. Inspekta alizunguka kaunta, akaja kukaa benchini kando yake.

"Aliita," alisema.

"Nani?"

"Alikuita wewe. Mara tatu."

Kamba ilibaki mkononi mwa Mlinzi. Alitazama sakafu, kama anayehesabu hatua.

"Kutoka bandani mpaka getini inasikika," alisema mwishoni. "Hata ukiita mara moja tu. Mzee alikuwa ananiita kwa chai, nasikia."

Nje, pacha mmoja alianza kulia. Wa pili akaamka, akamfuata.

"Nenda," alisema Inspekta. "Wanakusubiri."

"Nakwenda, Afande."

Hakuinuka.